Miadi ya Goti

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na goti lako, na kwamba watoto wa basi lako la shule bado wanakuimbia asubuhi mpaka masikio yanawasha. Mimi huku kwa nje ni mzima. Ya ndani ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Vidonge vyangu vinakwisha. Cheti nilichokuja nacho kutoka nyumbani kimepitwa na muda, na yule mama wa duka la dawa, mtu mwema kabisa, amekigeuza huku na huku kisha akanirudishia. "Niletee kipya, mwanangu. Bila kipya watanifungia duka." Kipya kinatoka kwa daktari. Daktari anaonwa kwa miadi. Miadi inatolewa kwa simu, na simu ya kliniki inafunguliwa asubuhi, saa ileile ambayo mimi nafungwa mkanda wa usalama kupanda ghorofani kazini. Siku yangu ya mapumziko nikaenda mwenyewe. Dada wa mapokezi hata macho hakuinua. Akasema nipige simu. Nikamwambia, si niko hapa mbele yako? Akasema miadi haitolewi kwa miguu. Nilicheka, dada, lakini nilipofika nje nilikaa kwenye ngazi na kuinuka nikashindwa.

Juzi simu ilishika. Wamenipa tarehe ya mwisho wa Juni.

Nimeanza kukata vidonge nusu. Najua utafoka.

Kazini hakuna anayejua. Tunashushwa kwenye jukwaa moja watu wawili, na ndoo na sponji, tunasafisha vioo ghorofa baada ya ghorofa. Mwenzangu tunamwita Kiberiti, kwa kuwa ni mdogo na anawaka haraka. Mkewe amejifungua hivi karibuni. Msimamizi akijua nina kifafa sitapewa hata ufagio wa kufagia lango. Kwa hiyo nimenyamaza, na ninapokuwa kule juu nashika chuma cha jukwaa mpaka vidole vinauma.

Usimwambie mtu.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Goti nalo halijambo, ila siku hizi nikikanyaga klachi linalia kabla ya gia. Watoto wanaendelea kuniita Mama Honi, na mmoja ametapikia kiti cha nyuma, hizo ndizo habari za hapa.

Sasa nifoke. Nusu kidonge! Nani amekufundisha? Hiyo si chai, kwamba sukari ikipungua unakunywa hivyohivyo. Shuka kwenye hilo jukwaa. Sema una mafua, sema umeng'atwa na mbwa, sema unaoa. Lakini najua kichwa chako kilivyo kigumu, kwa hiyo nimeshaanza kuhangaika upande wangu.

Yule daktari mzee aliyekutibu tangu utoto amestaafu. Amebaki mmoja, kijana, kwa kliniki nzima. Nimekwenda kuuliza kama anaweza kukuandikia. Mapokezi wakasema hamwandikii mtu asiyekaa mbele yake, hata awe nani.

Mimi lakini nina miadi. Ile ya goti, niliyoingoja tangu mwaka jana mpaka nikaisahau, imeangukia mwezi huu huu. Goti limengoja mwaka mzima, litangoja tena. Nitaingia na miadi ya goti nitoke na dawa yako. Nitasema anayeanguka ni mimi.

Usiniletee mahubiri. Nimeshaamua.

Tatizo ni moja. Nimesimama mbele ya kioo nikajaribu kujieleza, nikakwama. Kuanguka kwako nakujua kuliko mtu yeyote, nimekushika tangu una meno ya utoto. Ila najua kwa nje tu. Daktari ataniuliza, unahisi nini kabla haijaja? Sina la kumwambia. Miaka yote hii sijawahi kukuuliza. Niandikie, tena upesi.

Dada yako

17 Februari

Dada yangu,

Shikamoo tena. Nimezima, siyo nimezima, ni mzima, niwie radhi kwa mwandiko. Barua yako nimeisoma nikaikunja nikaisoma tena. Nilitaka kukukataza. Halafu nikahesabu nusu zilizobaki, nikaona bora nikujibu ulichouliza.

Kwanza sauti zinahama. Naona midomo ya watu inacheza lakini ni kama kuna mtu amefunga mlango kati yangu na wao. Kisha ulimi unapata ladha ya chuma, kama nimelamba funguo. Halafu hili la mwisho sijawahi kumwambia mtu. Nakuwa na hakika kabisa kwamba kuna mtu ananingoja mlangoni na mimi nimemchelewesha. Simjui ni nani. Nataka kuinuka nikamfungulie, na hapo ndipo sakafu inapokuja.

Nikizinduka mwili unauma kama nimebeba mizigo kutwa. Sijui niko wapi. Nasikia aibu kabla sijajua ni aibu ya nini. Nyumbani cha kwanza nilikuwa natafuta uso wako, nikiuona najua nimerudi. Huku hakuna uso.

Mwambie na hilo la ladha ya chuma. Yule mzee alisema ni muhimu.

Mdogo wako

26 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na usiniombe radhi kwa mwandiko. Mimi mzima wa afya, mgonjwa wa cheti. Tumepata!

Nilingoja kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua likahama dirisha. Nilipoitwa niliingia, hata kuchechemea nikasahau. Daktari ni kijana mpole mwenye macho mekundu, ungemwonea huruma. Akauliza, goti linasemaje? Nikasema, daktari, tuache goti. Nikamweleza. Sauti zinazohama, funguo mdomoni. Nilipofika kwa mtu anayengoja mlangoni, mdogo wangu, nililia. Sikuwa naigiza. Nilikuwa nakuona wewe, umri wa kwenda shule, unainuka kwenda kufungua mlango ambao haukugongwa na mtu. Mara ngapi nimekufokea, "Kaa chini, unakwenda wapi?" Daktari akanisogezea kitambaa akaandika mengi.

Aliniuliza kama nimewahi kupunguza dozi. Nikasema nimekata nusu. Nikafokewa mimi kwa kosa lako, tena kwa maneno yaleyale niliyokufokea. Akasema hapo ndipo dalili zinaporudi. Akauliza watu wangu wananifanyia nini nikianguka. Nikasema mdogo wangu hunitia kijiko mdomoni. Akashika kichwa. Kumbe kijiko ni marufuku! Mtu alazwe ubavu, aondolewe vitu vigumu vilivyo karibu, aachwe mpaka imalizike. Basi samahani kwa vijiko vyote.

Ameuliza na mambo mengine madogomadogo, hayana uzito.

Vidonge nimevitia ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo, kopo anakuja nalo dereva wa basi la masafa ninayemfahamu. Meza kizima. Kizima, umesikia?

Dada yako

9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai hujambo. Kopo limefika. Nimemeza kizima mbele ya dereva wako, kwa kuwa alisema umemwagiza aone kwa macho yake.

Sasa nikuambie lililotokea kabla halijafika, kwa sababu nisipokuambia wewe nitapasuka. Tulikuwa ghorofa ya juu kabisa, upande wa upepo. Kiberiti anapiga soga kuhusu mtoto wake, jinsi anavyomkazia macho kama hakimu. Mara nikaona midomo yake inacheza na sauti haiji. Funguo mdomoni. Nikajua. Nikakaa chini kwenye jukwaa, nikapitisha mikono yote miwili kwenye chuma. Yule mtu wa mlangoni alikuwa ananiita, dada, na njia ya kumwendea ilikuwa ni hewa tupu.

Ikapita. Sijui kwa nini ilipita. Nilipofumbua macho Kiberiti alikuwa ameniinamia, amefungua mkanda wake ili anifikie. Amefungua mkanda wake, kwa ajili yangu! Nikamwambia kizunguzungu, sijala. Akanitania siku nzima kwamba nimeogopa urefu baada ya mwaka mzima. Nikacheka naye. Sijapata kujichukia hivyo.

Sasa dawa ipo na nitakaa sawa. Basi linaendeleaje? Hukuandika neno lolote la watoto safari hii.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wote wazima. Nimesoma habari ya jukwaa nimesimama, nikakaa. Sitasema tena shuka, maana nimeshasema. Nasema tu kwamba aliyefungua mkanda ana mtoto.

Mimi nimepumzika kidogo. Nilikuwa na siku za likizo zimelimbikizana, nikaona nizile. Nimefua mapazia. Nimepaka rangi mlango wa jikoni. Jirani fundi viatu ananifundisha kushona soli, anasema nina mkono mzito kama wa kuvuta hendibreki. Mchana wa nyumbani ni mrefu jamani, sikuwahi kuujua.

Jambo moja la dawa. Alichonipa ni cha muda. Amenipa miadi nyingine Aprili, na nisipokwenda hataandika tena. Usiwe na wasiwasi, nitakwenda. Sasa hivi mimi ni mgonjwa mzoefu.

Kula vizuri.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, dawa imenikaa vizuri, sauti hazijahama tena.

Likizo gani hiyo? Mwaka juzi ulikuwa na homa ukaendesha basi na blanketi mabegani. Shule hazijafungwa. Barua mbili mfululizo hakuna mtoto aliyetapika, hakuna aliyesahau daftari, hakuna mzazi aliyekufokea getini. Unanipiga chenga, na wewe chenga hujui.

Na hiyo miadi ya Aprili ni ya nini hasa? Niambie ukweli.

Mdogo wako

14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo na nyumba haijambo. Swali la basi tuliache kwanza, nitakueleza ukija. Hili la miadi nakueleza kwa sababu nataka unisaidie kufikiri.

Ni tarehe ishirini na mbili. Daktari anataka kutoa damu. Anasema damu inaonyesha dawa iko kiasi gani mwilini, kama inatosha au imezidi, na bila kipimo hicho hataandika dozi mpya. Sasa damu yangu, mdogo wangu, haina kitu. Ataitazama ajue sijameza hata kimoja. Akijua, cheti basi, na wewe mpaka Juni huna chochote.

Kwa hiyo nimebakiza vidonge katika vile alivyonipa. Usiudhike, nilikupunguzia kidogo tu kwenye kopo la pili, lile nililokutumia mwezi uliopita. Nitavimeza mimi siku chache kabla ya kipimo, kiasi kilekile unachomeza wewe, ili damu yangu ijibu kama damu yako. Nimefikiri sana. Vidonge unavimeza tangu utoto na hujafa, mimi nitashindwaje na siku chache? Fundi viatu nimemwambia apite kunitazama, nimemdanganya kwamba nina mafua.

Naogopa kidogo. Nakuambia wewe tu.

Kama unajua namna nyingine, andika. Kama hujui, niombee.

Dada yako

20 Aprili

Dada, dada yangu,

Usimeze. Kama umemeza, acha. Salamu zitafuata baadaye.

Barua hii inakuja na dereva wako wa masafa, anaondoka sasa hivi na viti vimejaa, nami naandika nimeegemea boneti la basi lake.

Barua yako imenifikia leo mchana. Nilikimbia ofisini kwa msimamizi, pale penye simu, nikamwambia kuna dharura nyumbani. Msimamizi alikuwepo mezani. Kiberiti alikuwepo anachukua glavu mpya. Nikapiga karakana ya mabasi, nikijua huko watakwenda kukuita. Akapokea mzee mmoja. Nikasema namtaka Mama Honi. Akauliza mimi nani. Nikasema mdogo wake.

"Mdogo wake gani wewe usiyejua? Dada yako tulimtoa kwenye basi tangu Februari. Daktari ameandika. Ana kifafa, maskini. Na watoto wa watu alikuwa nao humo ndani miaka yote! Kuna wazazi walikuja hapa getini kumtukana."

Nikasema, si yeye.

"Nini? Paza sauti."

Nikasema, si yeye, ni mimi. Mwenye kifafa ni mimi. Dada yangu hana ugonjwa wowote isipokuwa goti. Amechukua ugonjwa wangu akaubeba kwa daktari, na sasa anameza dawa yangu ili damu yake idanganye. Tafadhali mzee, nenda nyumbani kwake, mwambie aache. Nilipiga kelele, dada. Katika maisha yangu sijawahi kulitamka neno hilo kwa sauti, nalo limetoka mbele ya msimamizi na kalamu yake imesimama, na Kiberiti amevaa glavu ya mkono mmoja. Nikamwita, mzee, mzee! Simu ikakatika. Sijui kama alisikia hata nusu.

Kwa nini hukuniambia? Ulikaa ndani ukipaka rangi mlango, watu wakikutukana kwa ugonjwa wangu, na mimi nakuuliza habari za watoto kutapika!

Msimamizi ameutwaa mkanda wangu akautundika. Hakunifukuza wala hakunibakiza. Amesema nirudi na maneno ya daktari, ataona kama kuna kazi ya chini. Kiberiti ndiye aliyeniumiza. Aliniambia, "Ulikuwa na mimi kule juu," basi, akatoka. Nimemfahamu mtu huyu mwaka mzima na sijapata kumsikia akisema maneno machache hivyo. Ni kweli yote.

Halafu sasa hivi, hapa stendi, ametokea. Bado amekasirika, hanitazami usoni. Anasema kesho atasafiri na mimi, kwamba haiwezekani mtu kama mimi apande basi la usiku kucha peke yake. Akauliza nikianguka njiani anitie nini mdomoni, kijiko? Nikamwambia hapana. Kijiko hapana.

Tutafika asubuhi ya tarehe ishirini na mbili. Damu itakayotolewa ni yangu. Nitamwambia daktari kila kitu, na karakana nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Ningoje. Na usimeze.

Mdogo wako

22 Aprili, asubuhi

Mdogo wangu,

Karatasi hii nimemwachia fundi viatu akupe ukifika. Usiingie ndani, usikae kula, msije mkachelewa miadi.

Nilikuwa nimeshameza. Siku mbili. Yule mzee wa karakana alikuja kwa miguu, na overoli lake la grisi, akanikuta nimekaa kizingitini naushikilia mlango wangu wa jikoni uliopakwa rangi mpya, maana ukuta ulikuwa unakuja na kurudi. Akaniambia ulichosema, neno kwa neno, akalitamka na hilo neno lenyewe. Kisha akakaa na mimi mpaka jioni. Hakuzungumza juu ya basi, wala sikumwuliza. Barua yako nayo nimeipata jana.

Sasa nimepata nafuu, ni ulimi tu bado mzito. Kumbe hivi ndivyo vinavyokufanya! Miguu inakuwa ya mtu mwingine, halafu wewe unaichukua miguu hiyo unapanda nayo ghorofani. Nilidhani nimekuelewa uliponiandikia. Sikuwa nimeelewa hata robo.

Nimekwenda kliniki kushika foleni. Sijui daktari atasema nini. Nimemdanganya mtu mwenye macho mekundu kwa kulala kidogo, nikalia mpaka akanipa kitambaa. Anaweza kutufukuza. Basi atatufukuza wawili, tutatoka na wewe umesema kwa kinywa chako. Wakiita jina langu kabla hujafika nitasimama niseme mgonjwa mwenyewe yuko njiani.

Mwambie Kiberiti asante kwa kukusindikiza. Mwambie pia kwamba na mimi ningekasirika.

Nitakuwa nimesimama kwenye mlango wa kliniki, ule wa kioo, kukaa siwezi. Yule mtu unayehisi anakungoja mlangoni na wewe umemchelewesha, leo yupo kweli. Fanya haraka.

Dada yako